Pini ya Nne

Usiku wa Januari, Liepāja. Theluji imegoma kuanguka,
imebaki mawinguni kama mgeni anayesita mlangoni.
Visvaldis anaruka kwenda Reykjavik
kwa soksi za sufu na fulana.
Ghafla nasikia tusi ambalo humtolea
rubani msaidizi tu, na hapa msaidizi hayupo.

Pedali zimekufa. Ndege inavutia kushoto, kushoto tu,
kama punda aliyeona kwao.

Si ndege. Ni meza ya kulia chakula aliyotuachia mama yangu,
skrini tatu, kiti cha gari lililouzwa kwa vyuma chakavu,
na waya mmoja mweusi unaopita chini ya zulia
mpaka pale ambapo kila Jumamosi
mimi hupita na mashine ya kuvuta vumbi.

Sikusema kitu.

Akapiga magoti, magoti yakalalamika kabla yake.
Akaja na plagi kiganjani kama jino la mtoto:
plastiki imepasuka, pini moja imelala kifudifudi,
nyaya zimetoka nje, utumbo wa rangi.
"Kiwanda kilishafungwa," akasema. "Hazitengenezwi tena."
Kwa sauti ile ile ya siku daktari alipousikiliza moyo wake
muda mrefu kupita adabu,
kisha akaandika neno moja, kwa mwandiko mzuri,
na leseni ikaenda zake.

Wahenga husema kamba hukatikia pabovu.
Waya huu ulikuwa mzima kote, nimeupapasa wote.
Umekatikia pale unapoungana na kitu kingine.

Nikashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati.
Miaka ishirini na sita nililehemu redio kule Riga,
mstari wa tatu, dirisha la kaskazini,
na hakuwahi kuuliza mikono yangu ilishinda ikifanya nini.
Yeye alikuwa angani. Aliye angani haulizi.

"Shika tochi," nikamwambia.
Akashika. Mwanga ukatetemeka juu ya meza,
nikajifanya sioni.
"Juu kidogo. Kushoto. Hapo. Usipumue."
Kapteni wa saa elfu kumi na moja akaacha kupumua.

Kisu kwanza, kumenya nyaya kama vitunguu vichanga:
nyekundu, nyeupe, kijani, na nyeusi iliyojaa ukaidi.
Risasi ikayeyuka, ikawa tone, ikang'aa, ikatulia,
na moshi wa ulimbo ukapanda, harufu ya msonobari,
harufu ya nywele zangu nilipokuwa na miaka thelathini.
"Ulikuwa ukinukia hivi," akasema.
"Mimi nilidhani ni sabuni."

Pini ya nne ilikataa.
Mara ya kwanza ilikuwa kijivu kama uji uliolala.
Nikaitoa. Mara ya pili ikamgusa jirani yake.
Nikaitoa. Mara ya tatu nikaitolea lile tusi la Visvaldis,
lote, mpaka mwisho,
ikashika.

Mita ikalia: piii.
Plastiki tukaifunga kwa gundi na uzi wa kushonea viatu.
Si nzuri. Inashika.

Ndege ilikuwa bado pale alipoigandisha,
juu ya maji meusi, futi elfu tatu.
"Kaa wewe," akasema.
"Sijui."
"Umeshaijua kwa ndani. Kwa nje ni rahisi."
Miguu haikufika; akaniwekea kamusi mbili mgongoni.
Wa kulia, taratibu, kama unamsukuma paka aliyelala.
Nikakanyaga, na pua ya ndege,
tani sabini ambazo hazipo,
ikageuka.

Nilitua vibaya. Tuliruka mara tatu kama kijiwe ziwani,
tukaishia majanini, taa zote nyekundu,
naye akacheka mpaka nikauogopea moyo wake.

Siku hiyo nayo ikapita bila mimi kukiri.

Jumamosi nikaja na mashine yangu.
Zulia limekunjwa. Sakafuni, kwa utepe wa manjano,
amepiga mstari kama ule unaozuia ndege isiingie njiani,
na kando yake, kwa herufi kubwa zinazotetemeka:
SIMAMA. OMBA RUHUSA.

Nikasimama.
Nikaiomba.